Direkta Alisema Tukaze

Taarifa ya kifo cha Direkta ilinikuta nikichambua mchele, nami niliendelea kuchambua. Ililetwa kwenye kundi la simu la sisi tuliowahi kusokota uzi Mikumi, kundi ambalo mwaka mzima halina la maana zaidi ya picha za maua na dua za asubuhi, na siku hiyo lilifurika. Mwalimu wetu ametangulia. Baba wa teknolojia. Simba wa Kilosa amelala. Mmoja, ambaye namkumbuka jinsi alivyokuwa akiigiza mwendo wa Direkta mpaka tunashika matumbo, aliandika kwamba kila alicho nacho maishani amekipata kwa mtu yule. Ana kibanda cha chipsi. Sikuandika kitu. Nilikwenda mazikoni Kilosa kwa sababu kutokwenda kungezua maneno, nikakaa chini ya turubai na wanawake wa rika langu, nikala pilau lililokosa chumvi, nikamsikiliza mtu mmoja wa suti akieleza jinsi marehemu alivyoleta mashine za umeme za kusokota uzi wakati wengine walikuwa hawajaziota. Akasema marehemu aliisomea kazi hiyo Ulaya. Nusu ya turubai ilijua ni Ulaya ipi, na wote waliinamisha vichwa kwa heshima.

Wasio wa kwetu nitawaeleza. Ulaya ni kata huko huko wilayani Kilosa. Watu wake wanalima, wanatembea kwa miguu na baiskeli, na siku ya gulio ndiyo siku yao kubwa. Direkta, wakati huo akiitwa Joakimu, alizaliwa huko, na huko ndiko mgeni mmoja aliyekuwa akipita alikomwonyesha mashine ya kusokota, kwa muda usiotosha kuivisha maharage. Aliposhuka Mikumi akawa anasema, "Kazi hii mimi nimeitoa Ulaya," kisha ananyamaza na kuwaacha watu wamalizie wenyewe. Hakusema uongo hata siku moja. Hicho ndicho kipaji chake pekee ninachomkubalia. Jina la Joakimu hakulitaka, alitaka aitwe Direkta, na tulimwita hivyo mpaka likawa jina.

Habari za nyumbani kwetu naziruka, hazina tofauti na za kwenu. Nilikuwa binti wa Kilosa mjini, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hayakutajwa wakati wa kula, nikapelekwa Mikumi kwa kuwa palikuwa na kazi na hapakuwa na maswali. Nilikaa mwaka mmoja. Watu wa umri wangu wakikumbuka ujana husema mwaka fulani uliwafundisha uvumilivu, au upendo, au kumjua Mungu. Mimi mwaka ule ulinifundisha dharau, na sioni aibu kusema, maana imenitunza kuliko mengi niliyofundishwa shuleni. Imeniepusha na mchumba mmoja na manabii wawili. Wanaoniita mama mwenye midomo hawajakosea, ila hawajui midomo hii ilinolewa wapi.

Karakana, kama alivyotaka tuiite, ilikuwa stoo ya nyuma ya nyumba ya wageni, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Sakafu ya saruji iliyopasuka, bati bila dari, na dirisha moja la nondo lililotazama uwanja wa kuegesha malori, kwa hiyo mchana kutwa tulivuta harufu ya dizeli na ya breki zilizoungua. Nyani wa hifadhini walikuwa wakija mpaka kwenye jalala la nyumba ya wageni, na kusema kweli walikuwa na mpangilio wa kazi kutuzidi. Ukutani Direkta alibandika picha yake mwenyewe akiwa ameshika uzi kama mtu aliyekamata nyoka. Upande mmoja, nyuma ya ukuta wa mbao, palikuwa na jiko la mkewe, Mama Glori. Upande wa uani alikaa fundi wa kuchomelea mageti. Fundi akianza kazi, umeme wetu unanywea, mashine zinapunguza mwendo, na uzi uliokuwa unatoka vizuri unalegea kwa urefu wa mkono mmoja au miwili, halafu unarudi kuwa mgumu akipumzika. Ukikagua bobini iliyojaa, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, ungeweza kujua jirani yetu alichomelea saa ngapi na alikula saa ngapi. Direkta alipoona hayo alisema ni kwa sababu hatusali kabla ya kuanza.

Mashine zilikuwa nne na sisi tulikuwa wanawake sita, tukipokezana. Nazieleza kwa sababu yule mtu wa suti alizitaja kana kwamba ziliruka angani. Kila moja ilikuwa kisanduku cha kuweka mezani, mota ndani yake, na mbele yake uma wa chuma wenye vijino vya kupitishia uzi. Katikati ya uma inakaa bobini. Mota inazungusha uma, uma unasokota uzi, na hiyo ndiyo kazi yote ya umeme. Kuna kitufe cha mwendo, kuna swichi ya kuzungusha kulia au kushoto, na kuna breki, yaani kamba nyembamba inayopita kwenye mfereji wa bobini, upande mmoja imefungwa springi na upande mwingine ina kijiti cha kuikazia. Ukiikaza kamba, bobini inabaki nyuma ya uma na kuuvuta uzi ndani kwa pupa. Ukiilegeza, bobini inazunguka pamoja na uma, na uzi unabaki mikononi mwako ukiendelea kusokotwa. Mwendo unaamua msokoto uingie kwa kasi gani, breki inaamua uzi ukae hapo muda gani kuupokea. Pamba ina nyuzi fupi, inataka msokoto mwingi na mvuto mdogo. Mtoto wa darasa la nne angeelewa kabla ya kengele ya uji.

Direkta hakuelewa. Somo la kwanza alilitoa akiwa amevaa koti jeupe kama la daktari, na somo lenyewe lilikuwa hotuba juu ya uzembe wa vijana. Mwishoni dada mmoja wa Mamboya aliinua mkono akauliza swichi ya kushoto ni ya nini.

"Hiyo ni ya wanaotumia mkono wa kushoto," alijibu bila kupepesa.

Dada yule alikuwa anatumia kushoto. Akashukuru sana. Kwa majuma kadhaa alisokota uzi wake kinyume cha wetu, na kila ulipounganishwa na wa mwenzake kuwa nyuzi pacha, mmoja ulizidi kujisokota na mwingine ukajifungua, kikatoka kitu kama nywele za mtu aliyeamka. Direkta hakumfukuza, maana angelazimika kueleza kosa. Alimhamishia kwenye kuchana pamba, akasema watu wa kushoto wana baraka ya kuchana.

Zaidi ya hapo alikuwa na neno moja, nalo ni kaza. Lugha yetu imetupa neno hilo kwa ukarimu, na kila mtu analitumia kwa jambo lake: unakaza mkanda, unakaza skrubu, unakaza mwendo, unakaza moyo ukifiwa, na uzi uliosokotwa barabara nao tunasema umekaza. Ubaya ni kwamba Direkta aliyasema yote kwa pamoja. Akipita nyuma yako, "Kaza." Ukichelewa kutoka kula, "Kaza." Mtu akiumwa tumbo la mwezi, "Kaza, dada, kaza." Tulikuwa tunalisikia mpaka kwenye usingizi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua siku yoyote alikuwa anaambiwa akaze kitu gani. Nimeishi na viongozi wengi tangu wakati ule, wa kanisa, wa mtaa, wa vikundi vya akina mama, na nikisikia mmoja amepata neno lake moja la kurudia huwa natafuta mlango uko upande gani.

Kati yetu sita, mwenye sababu ya kusikiliza kwa makini alikuwa Mwanahamisi wa Tindiga. Alinizidi miaka kama minne, mrefu, mwenye kucha zilizokatwa fupi kabisa, na alikuwa amemkimbia mumewe, Shabani. Shabani hakuwa mpigaji wala mlevi, hayo angalau yana jina. Alikuwa mtu wa kukaa. Alikaa kibarazani kwa mama yake, akala kwa mama yake, na mpunga ulipoanza kutoa punje ndipo alipomkumbuka mkewe, kwa sababu ndege wa mpunga hawamwogopi mtu aliyekaa. Msimu baada ya msimu Mwanahamisi alisimama juu ya ulingo wa miti tangu kunapambazuka, anapiga debe, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na jioni mama mkwe anamuuliza kwa nini ndege wamekula upande wa mashariki. Siku moja akashuka kwenye ulingo, akarudi kwao. Baba yake alimpokea kwa sharti moja, na alilisema mbele ya wazee wa pande zote mbili. Aende Mikumi kwenye mashine. Akiiweza kazi, akae nayo, na habari ya talaka izungumzwe. Ikimshinda, anarudi kwa Shabani na asisikike tena.

Alitueleza hayo siku yetu ya kwanza ya kula pamoja, bila kulia, huku akimega ugali. Tulikula kwenye mkeka, tumeegemea ule ukuta wa mbao. Chakula cha Mama Glori ndicho kitu pekee pale kilichokuwa jinsi kilivyosemwa. Akisema mlenda wa karanga, ni mlenda wa karanga, umekolea, unavutika kutoka bakulini hadi mdomoni bila kukatika, na tulikuwa tunasema laiti uzi wetu ungekuwa hivyo. Direkta hakula nasi. Alikula jikoni, na harufu ya kuku ilipita kwenye mianya ya mbao pamoja na mazungumzo yao yote. Mama Glori alikuwa na sauti ya kawaida ya mtu anayeuliza bei.

"Ile kamba ya juu ya bobini, kazi yake nini?" tulimsikia akiuliza.

"Inakaza."

"Inakaza nini?"

"Mama Glori, mimi ndiye Direkta hapa."

"Udirekta wako nimeusikia. Nauliza inakaza nini?"

Tukasikia mfupa unatafunwa.

"Inakaza kazi," akasema.

Dada wa Mamboya alipaliwa na mlenda tukampiga mgongoni. Mwanahamisi peke yake hakucheka. Alikuwa ameacha kula, anausikiliza ukuta, kwa sababu yeye jibu la swali lile alilihitaji kweli.

Maana uzi ulikuwa haufai. Direkta alikuwa amemchukua fundi wa kufuma, mwanaume mkimya mwenye kitanda kikubwa cha mbao cha kufumia, na fundi alikuwa akitegesha uzi wetu, anavuta mara mbili tatu, unaachana kama mkate uliolowa. Akarudisha bobini akasema maneno matatu, "Uzi umelegea sana." Kwa mtu mwenye akili hayo yalitosha, maana yake ni kwamba uzi haujapata msokoto. Direkta akaingia kwetu na koti lake jeupe. "Fundi anasema mmelegea! Kazeni!" Nasi, ambao kwenye mashine tuliona kitu kimoja tu kinachokazwa, tukashika vijiti vya breki tukavikaza. Bobini zikaanza kunyang'anya. Uzi ukawa unaingia ndani kabla haujasokotwa, laini kuliko wa jana, wenye mabonge, na kila dakika unakatika. Fundi akaurudisha tena. Direkta akasema tumelegea zaidi, tukaze zaidi, tukakaza zaidi. Kwa siku nyingi tuliendelea hivyo, watu sita wazima, tukitii amri sahihi kwenye kijiti kisicho chake. Mwanahamisi alikaza kuliko wote. Vidole vyake vilikuwa na michubuko ya uzi unaokimbia, na Direkta alianza kumtaja kwa jina, kwamba huyu wa Tindiga mikono yake ni ya jembe.

Kilichotuokoa ni kamba kukatika. Mwanahamisi aliikaza mpaka ikamkatikia usoni, na kwa hofu ya kumwambia Direkta kwamba ameharibu mashine, alichomoa uzi kwenye pindo la kanga yake akaufunga mahali pa kamba. Ulikuwa uzi dhaifu, hakuthubutu kuukaza hata kidogo. Aliwasha mashine, akaanza kusokota akiwa ameinua mabega kama anayesubiri kofi. Uzi wa pamba haukukimbia. Ulitulia mikononi mwake, ukazunguka, ukazunguka, ukawa mwembamba na mgumu, na alipousogeza mbele kidogo bobini iliupokea taratibu. Aliuvuta, haukukatika. Akaulegeza, ukajikunja wenyewe mara mbili kama unavyotakiwa.

"Yustina," aliniita kwa sauti ya chini. "Hebu shika huu."

Nikaushika. Nikauvuta kwa nguvu mpaka ukanikata kidole. Tukaangalia ule uzi wa kanga uliolegea juu ya bobini, kisha tukaangaliana. Nikalegeza kamba ya mashine yangu, uzi ukakaza. Nikakaza kamba, uzi ukalegea. Tukafanya hivyo mara kadhaa kama watoto wanaowasha na kuzima taa.

"Kwa hiyo ukitaka uzi ukaze, unalegeza?" akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Na siku zote hizi tunaambiwa tukaze?"

"Ndiyo hivyo, dada."

Alicheka. Katika mwaka ule sikuwahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni, mpaka Mama Glori akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Tuliwaeleza wenzetu wote siku hiyo hiyo. Baadaye tulijifunza na mengine, kwamba bobini ikijaa inahitaji kamba ikazwe kwa kiasi cha unywele, na kwamba fundi wa mageti akichomelea inabidi mkono upunguze mwendo pamoja na mota. Hayo hatukumwambia mtu. Fundi wa kufuma akaacha kurudisha uzi. Direkta akaja kutupongeza. "Mnaona sasa? Mmekaza!" alisema, na kwa mara ya kwanza neno lake na uzi wetu vilikubaliana. Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini asubuhi iliyofuata alikagua mashine, akakuta kamba zote zinaning'inia, na akauliza kwa hasira ni nani amelegeza vifaa vya ofisi. Akazikaza zote kwa mkono wake. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Asubuhi anapita anakaza, akiondoka tunalegeza, uzi ukiwa mzuri anatamba. Hakuwahi kujiuliza kwa nini kila siku anakuta kazi ile ile.

Kisha wageni wakaja. Walikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye hoteli ya mahema karibu na hifadhi, na dereva wake wa kumtafsiria. Alitaka vitambaa vya kutandika vitandani na kwenye viti, na angewachukua wasokotaji wanne, mmoja kwa kila mashine. Wawili wangerudi makwao. Kila mtu pale alijua kwamba mwenye la kupoteza ni Mwanahamisi. Mama Glori alimpa chai ya maziwa asubuhi, yeye peke yake, hakumweleza ni ya nini.

Siku hiyo Direkta hakuondoka baada ya kukaza kamba. Alibaki chumbani na koti lililopigwa pasi, mikono nyuma, akitembea kati ya meza. Sisi wengine tukaziacha kamba alivyozikaza, tukatoa uzi wetu wa zamani, laini, wenye mabonge. Mwanahamisi aliteremsha upande wa kanga mpaka ukafunika meza, na chini ya kanga nikaona kidole gumba chake kinarudisha kijiti nyuma. Mashine yake ikatulia, na uzi ukaanza kutoka sawasawa, mwembamba, mzuri mpaka ungeusikitikia kuwa kwenye chumba kile.

"Mwanahamisi, kaza!" Direkta alisema kwa sauti ya kusikiwa na wageni.

"Nikaze nini, Direkta, uzi au kamba?"

"Vyote!"

Yule mama wa hoteli hakujua kinachosemwa. Alipita meza kwa meza akishika uzi kwa vidole viwili. Alipofika kwenye wangu aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akaupitisha shavuni, akafumba macho. Nilidhani anaumwa. Kisha akashika wa Mwanahamisi, akautazama kwa adabu, akaurudisha, akamwambia dereva maneno marefu.

"Anasema huu ni mzuri, ila unafanana na wa dukani," dereva akatafsiri. "Anataka hizi nyingine, zenye mabonge. Anasema mabonge yana roho."

Mabonge yana roho! Siku zote zile tulikuwa tunatukanwa kwa ajili ya mabonge. Direkta hakupepesa hata hapo. Alisema mara moja kwamba mabonge ni mila yetu, yametoka kwa mabibi, na kwamba yeye binafsi ndiye aliyesisitiza yarudishwe. Mama akaandika, au alijifanya kuandika. Mwanahamisi alisimama.

"Kaka, mwambie hata mimi naweza kusokota mabonge," alimwambia dereva. "Hayana kazi. Nikaze tu kamba. Nimsokotee sasa hivi aone."

"Huyu hafuati maelekezo," Direkta aliingilia kabla dereva hajafungua mdomo. "Huyu nimemwambia wewe mwenyewe ukisikia." Dereva alitazama mmoja, akatazama mwingine, akachagua aliyevaa koti. Wakapita. Dada wa Mamboya naye aliachwa, akafurahi, hakuwa na hamu ya kubaki. Mimi nilichaguliwa kwa mabonge yangu.

Shabani alikuja wiki ile ile, maana mpunga ulikuwa unaanza kutoa punje. Alikuja na shati safi, akasalimia kila mtu kwa zamu yake, akaketi na Direkta kwenye benchi la nyumba ya wageni wakinywa soda. Alikuwa ameagizwa na baba mkwe aulize mwenyewe, asije akaambiwa kamlazimisha mtoto wa watu. Sisi tulikuwa dirishani. Mwanahamisi alisimama karibu yao na begi lake, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusimama.

"Shikamoo, mzee. Baba anauliza," Shabani alisema. "Kazi imemshinda?"

Angeweza kujibu kwamba haikumshinda. Angeweza kusema wageni wana mambo yao. Ilikuwa sentensi moja tu, na isingempunguzia hata soda.

"Hakukaza," Direkta alisema.

Shabani akatikisa kichwa kwa huzuni ya kiungwana, na likawa ndilo jibu la kupelekwa Tindiga.

Niliwasindikiza mpaka basi la Kilosa lilipokuwa linapakia. Shabani alikwenda kununua machungwa. Nilimwambia Mwanahamisi asiende, abaki, tutafute namna, na nilikuwa nalia, naye hakuwa analia.

"Uzi wangu ulikuwa mzuri?" aliniuliza.

"Mzuri kuliko wa sisi wote."

"Basi mwambie yeye. Asikie kwa mtu mmoja tu. Akafikishe kwa baba."

Nikamfuata Shabani kwenye machungwa. "Shemeji," nikamwambia, "Direkta amekudanganya. Kazi haikumshinda mkeo. Hakuna aliyesokota uzi imara kama wake pale ndani, hata fundi wa kufuma anajua. Mwambie baba yake hivyo."

Shabani aliniangalia kwa upole. Nataka ieleweke kwamba alikuwa mpole, na kwamba habari ile ilimfurahisha kweli, uso wote ulimfunguka.

"Ahsante sana, shemeji," alisema. "Hilo ni jambo zuri. Maana mwaka huu mpunga umekubali. Atatushonea magunia."

Mwanahamisi alikuwa nyuma yangu, alisikia. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyesema, kisha akapanda basi.